Pembe ya Baruti: Vile Wawindaji wa Marekani ya Kitambo Walibeba Mlipuko Begani Bila Kujiua

Kwenye muvi, jamaa anafyatua gobori, kamera inageuka kidogo, na ikirudi kwake bunduki ishajaa tena. Hizo ni story za jaba. Wawindaji wa miaka ya 1700 kwenye misitu ya Pennsylvania na Kentucky walikuwa na bunduki za gumegume zinazojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Risasi moja ikitoka, hata msee mwenye mazoezi alihitaji kama nusu dakika kuweka nyingine. Na dubu aliyejeruhiwa hangoji nusu dakika.

Kwa hivyo vile ulijipanga mwilini ndiyo ilikuwa rada yako ya kufika home.

Baruti ilikaa kwenye pembe ya ng'ombe, na hiyo haikuwa ushamba. Pembe ni nyepesi, haipitishi maji, haishiki kutu na ikigongwa haitoi cheche. Waliichemsha ikalainika, wakaziba upande mpana kwa kipande cha mbao, kisha wakatoboa ncha na kutia kizibo cha mti. Wengine waliikwangua mpaka ikawa nyembamba. Ukiiinua kwenye jua, unaona baruti imebaki ngapi, kama vile wewe hucheki tokeni za stima kabla giza liingie.

Sasa hapa ndipo watu walikuwa wanaweza kudedi. Baada ya kufyatua, kaa dogo la moto linaweza kubaki ndani ya mtutu. Ukimimina baruti moja kwa moja kutoka kwa pembe, hilo kaa linaiwasha, moto unapanda hadi kwenye pembe, na umeshika bomu mkononi. Ndiyo maana kulikuwa na kikombe kidogo cha kupimia, mara nyingi cha mfupa au pembe ya paa. Unajaza kikombe, unafunga pembe, ndio sasa unamimina. Ikilipuka, inalipuka ya kikombe tu. Utaungua, lakini mkono utabaki nao.

Vitu vingine vyote vilikuwa kwenye mkoba wa ngozi: risasi za duara, vitambaa vilivyopakwa mafuta, mawe ya gumegume ya spea, na sindano ya kuzibua tundu linalopitisha moto. Hiyo sindano usiidharau. Tundu likiziba masizi, baruti ya nje inawaka "tss" na bunduki haitoi kitu, huku mnyama anakuangalia tu.

Kitambaa nacho kiliizunguka risasi ili ibane ndani ya mtutu na kushika mifuo iliyoizungusha ikitoka. Bila kubana hivyo, shabaha inapotea.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, kawaida ukanda ulipita bega la kushoto na mkoba ukakaa upande wa kulia, juu ya kiuno, karibu na kiwiko. Ukiuning'iniza chini sana, ukikimbia unakuchapa mapaja na kunasa kwa vichaka. Pembe ilikaa hapo hapo, mkunjo wake ukifuata mbavu. Lengo ni mkono upate kila kitu bila macho kuangalia chini. Mambo yakichemka, wengine hata waliweka risasi mdomoni ili wasipekue mkoba. Na risasi ni sumu, lakini hiyo ilikuwa shida ya kesho.

Halafu kuna sanaa. Wakati wa vita vya Waingereza na Wafaransa huko Amerika, 1754 hadi 1763, askari walichonga majina yao, ngome na hata ramani kwenye pembe. Mmoja wa mafundi wakali kabisa alikuwa John Bush, mtu mweusi huru kutoka Massachusetts, aliyechonga pembe akiwa jeshini pale Lake George. Maandishi yake yana mikunjo safi hadi wachongaji wengine walimuiga. Mwaka wa 1757 Wafaransa walitwaa Fort William Henry, Bush akatekwa, na hakurudi tena nyumbani. Pembe zake kadhaa bado zipo, majina ya wenyewe yakisomeka vizuri.