Kocha Peke Yake Hatoshi: Kufufuka kwa Magongo ya India (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi India ilivyoutawala mpira wa magongo duniani: dhahabu sita mfululizo za Olimpiki kuanzia Amsterdam 1928 hadi Melbourne 1956, ya saba Tokyo 1964 na ya nane Moscow 1980. Tulieleza pia namna nyasi bandia, zilizotumika katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Montreal 1976, zilivyoubadili mchezo na kuwaacha nyuma vijana waliokulia kwenye viwanja vya udongo na nyasi za asili. Montreal, India ilimaliza ya saba.

Kabla hatujaendelea, ile dhahabu ya Moscow inafaa kutazamwa tena, kwa kuwa ndiyo iliyowalaza viongozi. Mataifa mengi yenye nguvu katika magongo yalisusia michezo hiyo, na timu za wanaume zilizobaki zilikuwa sita tu. Mojawapo ilikuwa Tanzania yetu, ambayo India iliifunga mabao 18 kwa 0. Katika fainali India iliishinda Hispania 4-3 na kurudi nyumbani na dhahabu, na wengi wakaamini kwamba Montreal ilikuwa ajali. Haikuwa ajali. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na kifo hicho kilifika miaka 28 baadaye, mbali sana na New Delhi.

Santiago, Machi 2008

Katika mji mkuu wa Chile, India ilicheza na Uingereza mechi ya mwisho ya kutafuta nafasi ya kwenda Olimpiki ya Beijing. Ikafungwa 2-0. Kwa mara ya kwanza tangu 1928, Olimpiki ingechezwa bila timu ya magongo ya wanaume ya India. Kocha Joaquim Carvalho alijiuzulu mara moja, na hilo ndilo jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Lakini safari hii lawama hazikuishia kwa kocha. Mwezi uliofuata, baada ya katibu wa shirikisho kukabiliwa na tuhuma za rushwa katika uteuzi wa wachezaji, Kamati ya Olimpiki ya India ililisimamisha Shirikisho la Magongo, lililokuwa chini ya K. P. S. Gill tangu 1994. Mwaka 2009 chombo kipya kikaundwa: Hockey India.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo mambo yalianza kunyooka. La hasha. Januari 2010, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia kuchezwa New Delhi, wachezaji wa timu ya taifa waligoma kufanya mazoezi kambini Pune wakidai malipo yao. Katika kombe hilo India ilimaliza ya nane. Oktoba mwaka huohuo, kwenye fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, mbele ya mashabiki wake, ilifungwa na Australia mabao 8 kwa 0. Kisha ikaja London 2012. India ilifuzu, ikacheza mechi sita, ikafungwa zote sita, ikamaliza ya kumi na mbili kati ya timu kumi na mbili. Taifa lenye dhahabu nane lilikuwa la mwisho kabisa.

Makocha wengi, tatizo lilelile

Katika miaka hiyo hakuna aliyeweza kuilaumu India kwa uvivu wa kubadilisha makocha. Kati ya 2009 na 2018 timu ilipita mikononi mwa Mhispania José Brasa, Waaustralia Michael Nobbs na Terry Walsh, na Waholanzi Paul van Ass, Roelant Oltmans na Sjoerd Marijne, kabla ya kukabidhiwa mzalendo Harendra Singh. Baadhi yao walipata ushindi mzuri: chini ya Walsh, India ilitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia ya Incheon 2014 kwa kuishinda Pakistani. Wiki chache baadaye Walsh aliondoka, akiwa hajaelewana na viongozi kuhusu mipaka ya madaraka yake.

Hapa ndipo hoja yangu kuu inapoanzia. Watu wengi husimulia kufufuka kwa India kama hadithi ya kocha mmoja hodari kutoka nje aliyeiokoa timu. Simulizi hiyo haiwezi kueleza kwa nini makocha hodari waliotangulia hawakuiokoa. Nobbs na Walsh hawakuwa watu wa kubahatisha. Walitoka Australia, shule bora kabisa ya mchezo huu. Walichokosa ni mambo yaliyopaswa kuwapo kabla ya wao kufika na kubaki baada ya wao kuondoka. Mambo hayo yalijengwa polepole, na yanafaa kuelezwa moja baada ya jingine.

Nini kilijengwa?

La kwanza ni mwendelezo wa kiufundi. Hockey India ilikuwa na magomvi yake, na makocha kadhaa waliondoka wakinung'unika. Hata hivyo iliunda nafasi ya mkurugenzi wa ufundi anayepanga mambo ya muda mrefu: viwango vya mazoezi, kalenda ya mechi, uhusiano kati ya timu ya vijana na ya wakubwa. Oltmans aliletwa kwa kazi hiyo mwaka 2013, kabla hajawa kocha, na baada yake akaja Mwaustralia David John. Kocha alipofukuzwa, mpango haukuondoka naye.

La pili ni ligi. Mwaka 2013 ilianzishwa Hockey India League, ambayo kwa misimu mitano iliwakusanya Waaustralia, Waholanzi na Wajerumani katika klabu za India. Kijana wa miaka 19 kutoka kijiji cha Punjab alijikuta akivaa jezi moja na bingwa wa Olimpiki, akila naye, akimwona anavyojiandaa siku ya mechi. Hofu ya Wazungu, iliyokuwa imeikaa timu hiyo kwa miongo mitatu, ilianza kuisha kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya ligi hiyo.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni vijana. Desemba 2016, mjini Lucknow, India ya vijana chini ya Harendra Singh ilishinda Kombe la Dunia kwa kuifunga Ubelgiji 2-1. Mabao yalifungwa na Gurjant Singh na Simranjeet Singh. Naomba msomaji ayakumbuke majina hayo, kwa sababu wachezaji saba wa kikosi kile walikwenda Tokyo kwenye Olimpiki: hao wawili pamoja na Harmanpreet Singh, Mandeep Singh, Varun Kumar, Sumit na Nilakanta Sharma. Walipofika timu ya wakubwa walikuwa wameshajua ladha ya kuwafunga Wabelgiji kwenye fainali ya dunia.

La nne ni fedha zinazotabirika. Mwaka 2018 serikali ya jimbo la Odisha, chini ya Waziri Kiongozi Naveen Patnaik, ambaye shuleni alikuwa mlinda lango wa magongo, iliingia mkataba wa miaka mitano wa kuzidhamini timu za taifa za wanaume na wanawake. Jimbo hilo si miongoni mwa majimbo tajiri ya India. Lakini wilaya yake ya Sundergarh, yenye wakazi wengi wa jamii za asili, imekuwa chimbuko la wachezaji kwa vizazi, na serikali iliona kwamba huo ni utajiri. Uwanja wa Kalinga mjini Bhubaneswar ukawa makao ya mashindano makubwa, likiwamo Kombe la Dunia la 2018. Mkataba huo baadaye ukaongezwa. Linganisha hali hiyo na mgomo wa Pune, ukaone umbali uliosafiriwa.

La tano ni miili ya wachezaji. Magongo ya leo huchezwa vipindi vinne vya dakika 15, na kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji mara nyingi apendavyo bila mchezo kusimama. Mshambuliaji hukimbia kwa nguvu zake zote dakika chache, hutoka, hupumua, hurudi. Katika mchezo wa namna hii, ufundi wa kuuzungusha mpira, ambao Wahindi hawakuupoteza kamwe, hauna faida kama kufikia kipindi cha nne miguu imekufa. India ya zamani ilijulikana kwa kufungwa mabao ya dakika za mwisho. Wataalamu wa viungo waliletwa, vipimo vya mbio vikawa sharti la kuchaguliwa, chakula kikaangaliwa, na polepole sifa hiyo mbaya ikafutika.

Reid na Tokyo

Mtu aliyeyakuta yote haya yakiwa tayari ni Graham Reid, Mwaustralia aliyeshinda medali ya fedha kama mchezaji Barcelona 1992. Alichukua timu Aprili 2019. Janga la korona lilipozuka, alifungiwa na wachezaji wake kambini Bengaluru kwa miezi kadhaa, na Olimpiki ikasogezwa mbele hadi 2021.

Tokyo, katika mechi ya pili tu, Australia iliifunga India 7-1. Kwa timu ya 2010 au 2012, matokeo kama hayo yangekuwa mwisho wa safari. Siku mbili baadaye India iliifunga Hispania 3-0, kisha ikaifunga Argentina, bingwa mtetezi, 3-1, ikaishinda Japani 5-3, na katika robo fainali ikaitoa Uingereza 3-1. Ubelgiji, ambayo hatimaye ilitwaa dhahabu, iliizuia kwenye nusu fainali kwa 5-2.

Tarehe 5 Agosti ikawa mechi ya shaba dhidi ya Ujerumani. Wajerumani walitangulia 3-1. Halafu, ndani ya dakika kama saba hivi, kuelekea mapumziko na mara baada ya mapumziko, India ilifunga mabao manne: Hardik Singh, Harmanpreet, Rupinder Pal Singh, na Simranjeet yuleyule wa Lucknow, likiwa bao lake la pili siku hiyo. Ujerumani ikapata la nne, na zikiwa zimesalia sekunde kama saba ikapewa kona fupi. Katika kona hiyo mpira hutolewa kwenye mstari wa goli, na walinzi wasiozidi watano, kipa akiwamo, huchomoka nyuma ya mstari kumzuia mpigaji. Kipa P. R. Sreejesh aliuzuia mpira. India 5, Ujerumani 4. Medali ya kwanza katika miaka 41.

Sreejesh na nahodha Manpreet Singh walikuwa kwenye kikosi cha London 2012. Hao wawili ni ushahidi kwamba India haikukosa wachezaji wenye vipaji katika miaka ya aibu. Vipaji vilikuwapo; mazingira ya kuvilea ndiyo hayakuwapo.

Mtihani wa kweli

Nadharia yangu ingebaki kuwa maneno tu kama isingepata mtihani. Ulikuja Januari 2023. India iliandaa Kombe la Dunia Bhubaneswar na Rourkela, ikatolewa na New Zealand, ikamaliza ya tisa. Reid akajiuzulu. Hali ilifanana na 2008: aibu, kocha kuondoka, taifa kukasirika.

Tofauti ni kilichofuata. Alikuja Craig Fulton kutoka Afrika Kusini, aliyewahi kuifundisha Ireland na kuwa msaidizi katika benchi la Ubelgiji, akiwa na imani kwamba ushindi huanza kwa kulinda vizuri. Kabla mwaka haujaisha, India ilitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia Hangzhou kwa kuifunga Japani 5-1. Paris 2024 iliifunga Australia 3-2, ushindi wake wa kwanza dhidi ya nchi hiyo kwenye Olimpiki tangu 1972. Katika robo fainali Amit Rohidas, mtoto wa Sundergarh, alipewa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha pili. Wenzake wakacheza dakika zaidi ya 40 wakiwa kumi, wakatoka 1-1 na Uingereza na kushinda 4-2 kwa mikwaju. Timu yenye miguu ya 2012 isingestahimili hivyo hata robo saa. Baada ya kufungwa na Ujerumani 3-2, waliishinda Hispania 2-1 kwa mabao mawili ya Harmanpreet, wakapata shaba nyingine. Tangu 1968 na 1972 India haikuwa imepata medali katika Olimpiki mbili mfululizo.

Kocha aliondoka 2008, timu ikaendelea kuporomoka kwa miaka minne. Kocha aliondoka 2023, timu ikasimama ndani ya mwaka mmoja. Kilichotofautisha nyakati hizo mbili ni ligi, vijana, fedha, maandalizi ya mwili na mpango wa kiufundi ambao Fulton aliukuta mezani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linatuhusu. Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona 1971, ikifungwa na India hiyohiyo 2-1 katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Timu yake ya wanaume haijacheza Olimpiki tangu Seoul 1988. Katika michezo yetu karibu yote, swali la kwanza baada ya kushindwa huwa ni nani amrithi kocha. Maswali ya kuanza nayo ni mengine: vijana wa miaka 17 wanacheza mechi ngapi kwa mwaka? Nani analipia kambi ya miaka minne ijayo? Kocha akiondoka kesho, nani anabaki na mpango? Shirikisho lisiloweza kuyajibu hayo litakuwa linamtupa kocha mpya mahali palepale alipozama wa zamani.

Wiki ijayo tutaiangalia timu ya wanawake ya India, iliyokuwa ya mwisho Rio 2016 na kufika nusu fainali Tokyo. Kocha wake alikuwa Sjoerd Marijne, yuleyule aliyeondolewa kwenye timu ya wanaume mwaka 2018.