Kodi ya sita: Noti moja tu yabadilisha ladha ya gitaa

WANAFUNZI wengi wa gitaa hujifunza kodi tatu au nne, wakaridhika. Kwa hizo huweza kusindikiza nyimbo nyingi za kwaya na hata baadhi ya zilizopendwa. Hata hivyo, aghalabu hufika siku ambapo wimbo unakwisha na kodi ya mwisho inasikika kavu, kana kwamba mlango umebamizwa. Hapo ndipo kodi ya sita inapohitajika.

Kodi inayozungumziwa hapa, bila shaka, si ile wanayotozwa wananchi na serikali, bali ni noti tatu au zaidi zinazosikika kwa pamoja. Wanakwaya waliolelewa kwa do, re, mi wataielewa upesi kuliko wengine. Kodi kuu ya kawaida hujengwa kwa do, mi na so. Ukiongeza la, ambayo ni noti ya sita ukihesabu kuanzia do, umeipata kodi ya sita. Kwa hivyo C ya sita ina noti C, E, G na A, nayo G ya sita ina G, B, D na E.

Wengi hawatambui kwamba gitaa lenyewe limeificha kodi hii. Nyuzi nne nyembamba, zikipigwa wazi bila kuguswa kwa kidole chochote, hutoa D, G, B na E. Hiyo ni G ya sita. Ili kuikamilisha, bonyeza uzi mnene kuliko zote kwenye freti ya tatu na uzi wa tano kwenye freti ya pili, kisha upige zote sita.

E ya sita nayo haina taabu. Shika E ya kawaida, halafu uweke kidole cha mwisho kwenye uzi wa pili, freti ya pili. Kwa A ya sita, laza kidole kimoja juu ya nyuzi nne nyembamba kwenye freti ya pili, uache uzi wa tano wazi, na usiuguse ule wa sita.

Umbo hilo la A huweza kuhamishwa popote shingoni. Kwa C ya sita, kidole cha shahada hubonyeza uzi wa tano kwenye freti ya tatu, nacho kidole cha pete hulala juu ya nyuzi nne nyembamba kwenye freti ya tano. Wanaojifunza C ya kawaida kwa umbo hili huipiga ya sita bila kukusudia, pale kidole cha pete kinapougusa uzi wa kwanza. Mwalimu hukemea, lakini kosa lenyewe ni tamu.

Bendi ya Beatles ya Uingereza iliufunga wimbo wake 'She Loves You' wa mwaka wa 1963 kwa sauti zinazounda kodi hii. Mtayarishaji wao, George Martin, aliiona imepitwa na wakati, kwa kuwa bendi za dansi za Marekani zilikuwa zimeitumia miaka mingi. Vijana hao walishikilia msimamo wao, nayo ikabaki.

Tatizo kubwa huzuka mtu anapopiga pamoja na wenzake. Noti za G ya sita ndizo zile zile za E ndogo ya saba. Kinachoamua ni noti ya chini kabisa. Mpiga besi akishika G, wimbo hutulia nyumbani. Akishika E, huingia huzuni ambayo mwimbaji hakuitarajia. Bendi nyingi changa hugombana jukwaani kwa sababu hii, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea. Ni heri wawili hao waafikiane kabla ya ibada au tamasha kuanza.

Kuna pia kodi ndogo ya sita. A ndogo ya sita huundwa kwa A, C, E na F iliyopandishwa nusu hatua. Wanafunzi wengi huweka F ya kawaida, wakaishia na mkwaruzo kati yake na E. Shika A ndogo, uongeze kidole cha mwisho kwenye uzi wa kwanza, freti ya pili, wala si ya kwanza.