Kufunga au Kupachika? Istilahi za Kizimamoto cha Gari Dogo la Spoti

Mfasiri wa maelezo ya mitambo aghalabu hukwama katika vitu vidogo kuliko vikubwa. Injini ina jina. Breki ina jina. Lakini kipande cha chuma kinachoshika kizimamoto ndani ya gari hakina jina moja linalokubaliwa na wote. Katika makala hii tunakusudia kuzichambua istilahi chache za kazi hiyo, hususan katika gari dogo la spoti, yaani lile la viti viwili lililo karibu na ardhi.

Magari ya namna hiyo si mageni kwetu. Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki; mara ya pili dereva wake alikuwa Shekhar Mehta.

Tuanze na chombo chenyewe. Madereva wengi hukiita "mtungi wa gesi". Jina hili halifai, kwanza kwa kuwa mtungi wa gesi ni ule wa jikoni, ambao ni chakula cha moto badala ya kuwa adui yake; pili, vyombo vingi vya aina hii hutoa unga au povu. Wengine husema "zimamoto", nalo ni jina la jeshi. Anayeambiwa "leta zimamoto" hajui kama apige simu au anyooshe mkono. Kwa hiyo tunashikilia "kizimamoto", neno la ngeli ya KI-VI inayobeba majina mengi ya ala, kama vile kifunguo na kifuniko.

Tatizo kubwa limo katika kitenzi. Waingereza hutumia neno moja kwa kazi mbili zinazofuatana. Kwanza, kiweko hukazwa kwenye bodi ya gari kwa bolti, nacho hakitarajiwi kutoka. Pili, kizimamoto hutiwa katika kiweko hicho, nacho sharti kitoke mara moja kinapohitajika. Mfasiri akiandika "funga" pote pawili, fundi hataona tofauti. Anaweza kukikaza kizimamoto chenyewe kwa nati, na siku ya ajali dereva atahitaji spana.

Kiswahili kinayo njia ya kuzitenganisha kazi hizi. Tunapendekeza "kufunga" kwa kiweko na "kupachika" kwa kizimamoto. Mwindaji hupachika mshale katika upinde: mshale hukaa imara, lakini umewekwa hapo ili utoke. Aidha, kitenzi hiki kina kinyume chake, "kupachua", kama vile bandika na bandua. "Kubandika" hakufai, kwa sababu kinachobandikwa hushikwa juujuu tu. Wala "kutundika", kwa kuwa kinachotundikwa huning'inia.

Uimara unaotakiwa si wa mchezo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) zinataka kiweko kistahimili kupungua ghafla kwa mwendo kwa kiasi cha mara 25 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kizimamoto chenye uzito wa kilo 4, pamoja na chombo chake, kitakivuta kiweko kana kwamba kina kilo 100, uzito wa gunia zima la mahindi. Katika gari ambalo magoti ya abiria yako karibu na dashibodi, kizimamoto kilichochomoka ni hatari kama moto wenyewe.

Kanuni hizo hizo zinataka angalau vishikizi viwili vya chuma vinavyofunguka upesi, pamoja na mikanda ya chuma. Hapa pana mtego mwingine. Dereva naye amefungwa mkanda. Maelezo yakisema, "Fungua mkanda, utoe kizimamoto," ni mkanda upi? Tunapendekeza kulifufua neno "ukoa", ambalo tangu zamani ni bamba jembamba la madini linalozungushwa kwenye ala ya jambia au kwenye bunduki. Hivyo mkanda utabaki wa mtu, na ukoa utakuwa wa kizimamoto.

Kuhusu mahali, gari dogo la spoti halina nafasi nyingi. Buti haifai, kwa sababu dereva aliye kitini hawezi kuifikia. Mafundi wengi hukiweka kiweko mbele ya kiti cha abiria, wakitumia bolti zinazokishika kiti. Kwa njia hiyo sakafu haitobolewi, na mabomba ya breki na ya petroli yanayoweza kupita chini yake husalimika. Mfasiri asiandike "karibu na kiti" tu, bali aseme ni upande gani wa kiti.

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Kizimamoto (vi-): chombo cha mkono cha kuzimia moto.
Kiweko (vi-): kipande cha chuma kinachofungwa kwenye bodi ili kupokea kizimamoto. Kisiitwe "kishikio", kwani kishikio ni sehemu ya kizimamoto inayoshikwa kwa mkono.
Ukoa (koa): bamba la chuma linalokizunguka na kukibana kizimamoto.
Bizimu ya upesi: kifungo cha ukoa kinachofunguka kwa tendo moja, bila ala.
Pachika, pachua: kutia kizimamoto katika kiweko, kukitoa.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauona mjadala huu kuwa wa maneno tu. Lakini maelezo ya kizimamoto husomwa mara mbili: na fundi mwenye nafasi ya kuuliza, na dereva asiye na nafasi hiyo. Twawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaotayarisha kanuni wazijaribu istilahi hizi kazini, mbele ya gari lenyewe, kisha watueleze ni ipi iliyomkwamisha msomaji.