Ini likiugua, mifupa ya mtoto hudhoofika

Muscat, mji mkuu wa Oman, hupata jua karibu mwaka mzima, na jua ndilo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Hata hivyo, wapo watoto mjini humo ambao mifupa yao huvunjika kwa kishindo kidogo tu, ingawa hawakukosa maziwa wala matunzo.

Chanzo chake ni ini. Watoto hao wamerithi maradhi yanayojulikana kitaalamu kwa kifupi kama PFIC, ambayo huzuia nyongo kutiririka ipasavyo kutoka kwenye ini hadi utumboni.

Nyongo na vitamini

Nyongo ndiyo huusaidia utumbo kufyonza mafuta, na vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta hayo. Nyongo isipofika, sehemu kubwa ya vitamini hizo hupotea chooni.

Bila ya vitamini D ya kutosha, mwili hushindwa kuchukua kalisiamu hata mtoto akinywa maziwa kila siku. Mifupa hulainika, miguu hupinda na kuwa matege, na mtoto huchelewa kukua.

Jua nalo lina mipaka yake. Wakati wa kiangazi joto la Muscat hupita nyuzi 40, na watoto hushinda ndani. Aidha, vitamini D itokayo ngozini ni lazima ipitie kwenye ini kabla haijaanza kufanya kazi.

Si kosa la mama

Mtoto huugua anapopokea kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, ilhali wazazi wenyewe ni wazima. Wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Ndoa za jamaa wa karibu huongeza uwezekano huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ndoa nchini Oman zilikuwa za watu wenye nasaba moja, desturi inayojulikana pia Zanzibar na Mombasa.

Tiba

Madaktari hutoa vitamini za aina inayoyeyuka katika maji na kupima damu mara kwa mara, kwani vitamini D ikizidi nayo hudhuru. Hutoa pia mafuta maalumu yanayofyonzwa bila ya kutegemea nyongo. Mafuta hayo huweza kutengenezwa kutokana na nazi, lakini mafuta ya nazi ya jikoni si badala yake.

Mwaka 2021 dawa ya odevixibat iliidhinishwa Marekani na Ulaya. Hutuliza mwasho unaowanyima watoto hao usingizi, lakini si dawa ya mifupa. Ini likiharibika kabisa, hubaki upandikizaji, na baadhi ya dawa zinazotumika baada yake huweza kuidhoofisha mifupa kwa muda.

Kwa hiyo mifupa hulindwa tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, bila ya kungoja ivunjike. Mtoto mchanga ambaye macho yake yangali ya manjano baada ya wiki mbili, ambaye choo chake ni cheupe au mkojo wake umekoza kama chai, anahitaji kupimwa ini bila ya kuchelewa.