Pima kifuko kabla ya kutia telefone

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, katika Katanga mvua nyingi inanyesha toka Novemba mpaka Marsi. Telefone ikilowa, inaweza kunyamaza usiku uleule mtoto anapowaka homa na mnataka kuita ambulansi.

Wengi wananunua kifuko cha plastiki kisichopitisha maji. Ni vizuri, lakini kipimeni kwanza. Tieni ndani karatasi kavu, bila telefone. Fungeni, kisha zamisheni kifuko katika beseni ya maji kwa dakika 30. Karatasi ikitoka na unyevu, kifuko hicho hakifai. Mdomo wake upanguseni kila mara: punje ya mchanga au uzi mmoja unatosha kupitisha maji.

Tena, jaribuni kuita mtu telefone ikiwa ndani ya kifuko. Maji yakiwa juu ya plastiki, mara nyingi kioo hakisikii kidole. Afadhali kujua hayo mchana kuliko saa ya hatari.

Msiichaji ndani ya kifuko: joto halitoki, betri inaharibika. Ikilowa, izimeni, msiitie kwenye umeme mpaka ikauke kabisa.

Beseni ya maji iko nyumbani kwenu. Fanyeni jaribio hilo leo, kabla ya mvua.