TOKYO KATIKA PICHA: NANI ANAMLINDA MTOTO HUYU?

Msafiri afikaye Tokyo kwa mara ya kwanza huelekeza kamera yake juu: kwenye majumba marefu, taa za rangi za Shibuya na treni ziendazo kasi. Nami nilizipiga picha hizo. Lakini jamaa zangu walizipitia upesi upesi, kisha wote wakasita kwenye picha moja isiyo na fahari yoyote. Ni ya mtoto wa miaka 6 hivi, ameipa kamera mgongo, anatembea peke yake kando ya barabara saa 2 kasoro asubuhi. Swali lao lilikuwa moja: mama yake yuko wapi?

Kofia ya mtoto huyo ni ya manjano. Mgongoni amebeba mkoba mgumu uitwao randoseru, ambao mwanafunzi huutumia miaka yote 6 ya shule ya msingi. Mkoba huo umevishwa kifuniko cha manjano, alama ya darasa la kwanza, ili dereva amtambue kwa mbali. Kwenye mkanda kinaning'inia king'ora kidogo. Akivuta uzi wake, hulia kwa sauti kali. Watoto wa shule za serikali kwa kawaida huenda kwa miguu. Wa shule za kulipia hupanda treni, wakasimama katikati ya watu wazima bila mzazi kando yao.

MACHO YA MTAA

Ndugu msomaji, jibu la swali lile limo katika picha nyingine, ambazo mtazamaji mwenye haraka hazijali.

Mojawapo ni ya njia panda. Mzee mwenye mvi ameinua kibendera cha manjano, magari yamesimama, na watoto wanavuka. Wazee wengi wa namna hii hujitolea bila mshahara, na ni wakazi wa mtaa huo huo.

Nyingine ni ya mlango wa duka dogo uliobandikwa karatasi yenye maana ya "Nyumba ya 110 kwa Watoto". Namba 110 ndiyo simu ya polisi nchini Japani. Mtoto akitishwa njiani, anajua kwamba anaweza kukimbilia humo, na mwenye nyumba atawaita polisi. Mpango huo ulienea mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya watoto kudhuriwa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Wajapani hawana hofu. Hofu wanayo, ila wameigawana.

Ipo pia picha ya koban, kituo kidogo cha polisi cha mtaani. Mtoto akiokota sarafu, hufundishwa kuipeleka hapo. Mwaka 2023 polisi wa Tokyo walipokea vitu vilivyopotea zaidi ya milioni 4, na kwa mujibu wa sheria aliyeokota anaweza kudai zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani ya kitu hicho.

Jioni, vipaza sauti vya mitaani hupiga muziki mtulivu. Kwa serikali ya mtaa, hiyo ni njia ya kuvijaribu vyombo vya kutangazia tetemeko la ardhi na hatari nyingine. Kwa mtoto aliyeko uwanjani, ni ishara ya kurudi nyumbani.

Wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Mtoto yule katika picha, aonekanaye peke yake, ameshikwa na mikono mingi isiyoonekana.

MIKONO INAPOZEEKA

Hata hivyo, mikono hiyo inachoka. Karibu watu 3 katika kila 10 nchini Japani wametimiza miaka 65 au zaidi. Mwaka 2022 waliozaliwa walipungua chini ya 800,000 kwa mara ya kwanza tangu hesabu hizo zianze kuwekwa mwaka 1899. Mwaka 2024 hawakufika 700,000. Shule nyingi zimefungwa au kuunganishwa, na shule zikiunganishwa, safari ya mtoto hurefuka.

Maduka madogo nayo hufungwa pale wenyewe wanapozeeka bila warithi, na karatasi ile ya mlangoni hubanduliwa. Kwa mpita njia, ni duka moja tu limefungwa. Kwa mtoto wa kofia ya manjano, ni mlango mmoja umepungua katika njia yake ya kwenda shule.