Krimu ya kuchachuka: namna ya kuitengeneza nyumbani bila frigo

Maziwa ya Masisi yakifika Goma na umeme haiko, yanaharibika haraka. Lakini mafuta ya juu inaweza kuokolewa.

Kwanza maziwa yachemke vizuri, kwani maziwa mabichi inaweza kuleta ugonjwa wa bruselozi. Yafunikwe, yapoe usiku mzima, kisha mafuta ya juu yaenguliwe. Kwa kikombe kimoja, changanya kijiko cha mashanza yenye ilitoka ku maziwa ya kuchemshwa. Funika, acha masaa 12 hadi 24 mpaka ikuwe nzito.

Ku sombe ao maharagi, krimu inatiwa mwisho, sufuria ikishatoka ku moto, ikichemka, inakatika. Ikitoa harufu mbaya ao ukungu, itupwe.